Wekundu Chini ya Rangi Nyeusi

Haji Mitwalli aliinua mlango wa bati wa gereji asubuhi ile, mvua ikimchapa mgongoni, akaona miguu miwili imechomoza chini ya gari. Viatu alivijua. Alikuwa akivicheka kila siku kwamba vina umri sawa na mfereji wa Mahmudiya.

"Khawaja," alimwita rafiki yake kwa jina la heshima wanaloitwa wageni, "umelala huko?"

Hakujibiwa. Akainama, akaona gari limekaa chini kuliko linavyopaswa kukaa. Ukelele alioupiga ulisikika hadi ng'ambo ya mfereji, na majirani waliotoka mbio walimkuta amekaa kwenye sakafu yenye mafuta, amekishika kiatu kimoja cha marehemu na hataki kukiachia.

Inspekta Ragai Zahran alifika viatu vyake vikiwa vimejaa maji. Ilikuwa siku ya pili ya nawwa ya Ghitasi, dhoruba ambayo watu wa Iskandaria huijua tarehe yake kila Januari kabla haijafika, na Ragai aliichukia tangu utotoni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye uso wa anayesubiri habari mbaya. Kazi yake haikuwahi kumnyima.

Marehemu alikuwa Hrant Tashjian, Muarmenia mzaliwa wa mtaa uleule wa Muharram Bek, fundi wa bodi za magari ya kale. Alilala chali, ekseli ya mbele imemkandamiza kifua. Daktari alisema amekufa tangu jana jioni.

"Ajali, Basha," alisema Sajini Bayumi, akimwita kwa jina la heshima wanaloitwa wakubwa wa polisi. "Jeki imechoka, mzee naye amechoka."

Ragai alichuchumaa akamulika tochi. "Jeki ikichoka huvuja mafuta. Hii skrubu yake ya kushushia imefunguliwa. Umewahi kuona jeki ikajifungua yenyewe?"

Ragai akaizunguka gereji taratibu. Gari lenyewe lilikuwa la milango miwili, la Kifaransa, la miaka ya thelathini, jeusi, nusu limevuliwa nguo: halina viti, halina bitana, milango haina mipira yake ya kuzibia mvua. Sehemu iliyokwanguliwa kwenye fremu ya mlango ilionyesha rangi nyekundu chini ya ile nyeusi. Juu ya benchi la kazi, mbali na gari, lilikaa gogo fupi la mti, lililochakaa katikati kwa kubeba ekseli miaka na miaka. Na kwenye jiko la mkaa, pembeni, palikuwa na donge jeusi lililoganda. Ragai alilinusa akakunja uso. Mpira.

"Gogo hili ni la nini?" aliuliza.

Haji Mitwalli, fundi wa kuwamba viti mwenye duka ukuta wa pili, ndiye aliyejibu, machozi yakimtoka wazi. "La kuweka chini ya ekseli, Basha. Jeki inainua, gogo linashika. Hrant hakuwahi kuingia chini ya gari bila gogo. Hakuwahi! Anaingia kwanza, anaangalia pa kuliweka, halafu anasema 'nipe gogo,' unampa, analisukuma mwenyewe mahali pake. Hakuamini mkono wa mtu mwingine kuliweka."

"Unampa. Nani anampa?"

"Mimi," alisema Mitwalli, na papo hapo akaona amejitia kitanzi. "Mimi, tangu tukiwa vijana. Ila tangu gari hili lije, alikuwa akinitania kwamba siku hizi amepata msaidizi mzuri kuliko mimi. Nilijua ananichokoza tu."

Kufikia saa nne, Bayumi alikuwa ameshaleta habari kutoka mkahawani. Juzi, mbele ya watu wote, Haji Mitwalli alisimama akamnyooshea Hrant kidole akasema: ukitamka kwamba gari hili ni feki, nitakuzika nalo.

"Ulisema?" Ragai alimuuliza kituoni.

"Nilisema. Kila siku tunaambiana maneno kama hayo. Yeye aliniambia atanishonea sanda kwa ngozi ya viti."

"Mlikuwa mkigombania nini hasa?"

Mitwalli alikohoa kwanza kwa moshi wa sigara ya Bayumi, kikohozi kirefu cha pumu, akapapasa mfukoni akatoa dawa yake ya kuvuta. "Lile gari ni la mfalme, Basha. Enzi zile gari jekundu lilikuwa la ikulu peke yake. Raia akipaka lake jekundu, alilala ndani. Sasa tumekwangua weusi, tumekuta wekundu. Unataka nini zaidi? Daktari Lutfi wa klabu ya magari ya kale anasema ni feki. Na Hrant, shetani yule, alikaa kimya! Klabu nzima ilikubali kwamba neno lake ndilo la mwisho, alitoe Ijumaa. Nami nikimwuliza, anacheka."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Dukani kwangu. Peke yangu."

"Ufunguo wa gereji unao?"

"Ninao. Na alama za vidole vyangu zimejaa kwenye ile jeki, kama unataka kujua. Niweke ndani, umalize."

Mkuu wa kituo naye alitaka kumaliza. Kesho adhuhuri, alisema, mzee apelekwe kwa mwendesha mashtaka, na kutoka huko moja kwa moja rumande. Ragai aliitazama ile chupa ndogo ya dawa mkononi mwa Mitwalli. Alizijua seli za rumande wakati wa baridi, kuta zinavyotoka maji. Mzee huyu hangefika hukumuni.

Alitoka, akarudi mtaani. Muuza mikate ya maini mwenye jiko lake kona ya gereji alikuwa na malalamiko yake mwenyewe.

"Jana jioni nimekosa wateja, Basha, si kwa mvua. Mvua wameizoea. Kuna mtu alikuwa akichoma mpira humo ndani! Moshi mweusi, unapita kila tundu. Nani atakula maini yenye harufu ya tairi?"

"Ulimwona mtu akitoka?"

"Miavuli nimeiona. Katika nawwa, watu wote wanakuwa miavuli."

Ragai alisimama akafikiri. Mlango wa bati umefungwa, mpira unaungua jikoni, na mtu amekaa ndani kuhakikisha umeteketea. Mitwalli, ambaye alikohoa kwa moshi wa sigara ya Bayumi tu, angetolewa humo akiwa maiti ya pili. Lakini mkuu wa kituo hatakubali kikohozi kuwa ushahidi. Na je, ni mpira gani uliostahili kuchomwa baada ya kuua mtu?

Alikumbuka milango ya gari isiyo na mipira.

Daktari Lutfi Anbar, katibu wa Klabu ya Magari ya Kale, aliishi kati ya picha za magari ambayo hakuweza kuyanunua. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku ya dhoruba, na alionekana kuudhika zaidi kuliko kuhuzunika.

"Nilisema ni feki na bado nasema," alianza hata kabla ya kuulizwa. "Bi Iqbal Sherbini, mwenye gari, anadai baba yake, dereva wa ikulu, alipewa gari lile zawadi na mfalme. Vizuri. Lakini gari la zawadi halikutoka getini likiwa jekundu, Inspekta. Lilikwanguliwa kwanza hadi bati tupu, ndipo likapakwa rangi ya raia. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya karakana ya ikulu, na haikuvunjwa hata kwa mawaziri. Sasa wekundu unatafuta nini chini ya weusi? Umewekwa baadaye, na mtu anayetaka tuamini."

"Bi Iqbal atapata nini likiwa la kweli?"

"Fedha? Hapana, hauzi. Klabu italiweka ukumbini na kibao cha shaba: zawadi ya mfalme kwa dereva wake mwaminifu, Usta Sherbini. Mama yule hana mtoto, hana mume. Ana baba tu, na baba mwenyewe yuko kaburini."

"Na Hrant? Alikudokeza lolote?"

Lutfi aliinua mabega. "Jana adhuhuri alinipigia simu. Nikambana. Akasema, 'Ijumaa nitawaambia juu ya bati tu. Nani alimpa nani, hayo ni ya Mungu na wenyewe.' Nikaona anakwepa. Nikamkatia simu." Akaanza kuzungusha pete kidoleni. "Sikujua kama ndiyo mara ya mwisho."

Bi Iqbal Sherbini aliishi ghorofa ya tatu, mitaa miwili tu kutoka gereji. Alimpokea Ragai kwa heshima za zamani, akamketisha chini ya picha ya mwanamume mwenye tarbushi na glavu nyeupe, akamletea kahawa bila kumwuliza kama anataka. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alikuwa mwanamke wa umri wa kustaafu, mwembamba, mwenye mgongo ulionyooka.

"Hrant nilikua naye," alisema. "Uani kwetu na kwao palitenganishwa na kamba ya nguo. Nani angemuua mtu kama yule?"

"Haji Mitwalli tunamshikilia."

Alishtuka, na Ragai aliona kwamba mshtuko ule ulikuwa wa kweli. "Mitwalli? Hapana. Mitwalli hawezi."

"Ulikuwa ukienda gereji mara kwa mara, Bi Iqbal?"

"Kila siku. Ni gari la baba."

"Hata jana?"

"Jana mvua ilinizuia."

Upepo ulibamiza dirisha la roshani. Ragai aliinuka kulifunga, akaona kwenye kamba ya nje koti la sufi jeusi, zito, linachuruzika maji, linapigwa na mvua huku na huku.

"Koti lako linalowa, Bi."

"Lilimwagikiwa kahawa. Nikalifua."

Ragai alirudi kitini akamaliza kahawa yake. Alimwuliza habari za baba, naye akamsimulia kwa sauti iliyopata joto ghafla: jinsi mtaa mzima ulivyosimama Usta Sherbini akipita, jinsi maimamu wawili walivyogombea kumswalia, jinsi alivyorudi nyumbani siku chache kabla ya mfalme kuondoka nchini, akiwa na gari hilo, akasema: amenipa kwa mkono wake. Ragai alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameanza kumpenda mwanamke huyu, na hilo halikumpendeza.

Kutoka hapo alikwenda dukani kwa Mitwalli. Viti vya lile gari vilikuwa sakafuni, ngozi yake imepasuka, na paneli za ndani za milango zimeegemezwa ukutani zikingoja kuwambwa upya. Aliinua moja. Kwenye ukingo wake, juu ya ngozi yenyewe, palikuwa na michirizi ya rangi nyeusi. Akainua ya pili. Hali ileile. Aliibeba mpaka kituoni, akaisukuma kati ya nondo za seli.

"Haji, hii rangi kwenye ngozi ni nini?"

Mitwalli aliisogeza karibu na taa. "Huyu aliyepaka hakuvua kitu. Hakutoa paneli, hakutoa mipira. Amepaka juu ya kila kilichopo. Fundi wa ikulu angefukuzwa kazi."

"Ni rangi ya juzi?"

"Juzi gani! Angalia ilivyopasuka. Ni kuukuu kama mimi." Alikohoa, akatulia, kisha akainua uso polepole. "Basha, mtu anapaka gari namna hii akiwa na haraka. Akiwa anaogopa watu."

"Na mipira ya milango, nayo ilikuwa na rangi hii?"

"Yote. Hrant aliiweka benchini, akawa anaitazama siku nzima. Nikamwambia tupa takataka hizo. Akasema, hizi ndizo zinaongea."

Asubuhi Ragai aliwaita wote gereji. Alikuwa ameomba kwa mkuu wa kituo muda wa mpaka adhuhuri tu, na amepewa kwa shingo upande. Mitwalli aliletwa na pingu. Daktari Lutfi alisimama karibu na mlango, akilinda suruali yake na maji. Bi Iqbal alikuja na shali nyepesi mabegani, akitetemeka, akamwona Mitwalli na zile pingu, akageuza uso.

"Mlibishana mwezi mzima," Ragai alisema. "Haji anasema wekundu huu ni wa mfalme. Daktari anasema gari la zawadi lisingebaki na wekundu. Nyote mlikuwa sahihi. Gari ni la kweli. Zawadi ndiyo ya uongo."

"Lilitoka ikulu likiwa jekundu," Ragai aliendelea. "Likapakwa weusi haraka haraka, juu ya mipira, juu ya ngozi, na mtu asiyekuwa na ruhusa. Hrant aliiona mipira ile akaelewa. Na aliyemuua ameichoma humu jikoni ili isionwe na mwingine. Haji hakuichoma. Kwa pumu yake angekufa kabla ya mpira kuisha. Na angeichoma kwa nini? Yeye alitaka gari liwe la kweli, mipira haikumdhuru. Daktari alitaka liwe feki, haikumdhuru yeye pia. Ilimdhuru mtu mmoja tu, anayetaka gari liwe la kweli na zawadi nayo iwe ya kweli."

"Inspekta," alisema Bi Iqbal, "unamsema baba yangu mwizi mbele ya watu."

"Msaidizi mpya wa Hrant alikuwa nani, Bi? Aliyekuwa akimpa gogo siku hizi?"

Mitwalli alimtazama Bi Iqbal, akabadilika uso.

"Umezaliwa Iskandaria," Ragai alisema taratibu. "Hakuna mwanamke wa mji huu anayefua koti la sufi siku ya nawwa akalianika nje, labda liwe na harufu ambayo hawezi kulala nayo ndani."

"Kahawa," alisema. "Nimekuambia, kahawa." Lakini sauti ilikuwa imekwisha nguvu.

Ragai alikuwa na neno moja limebaki, na angependa kutolisema. "Juzi adhuhuri Hrant alimpigia simu Daktari. Daktari, mwambie alivyosema."

Lutfi alibabaika. "Alisema... Ijumaa atatuambia juu ya bati tu. Nani alimpa nani, hayo ni ya Mungu na wenyewe."

Bi Iqbal alimtazama kama hakusikia. "Alisema hivyo lini?"

"Adhuhuri."

"Adhuhuri siku ileile?"

"Siku ileile."

Mgongo ule ulionyooka ulikunjika. Alitafuta pa kukaa, akakosa, akakaa sakafuni penye mafuta, palepale alipokaa Mitwalli jana.

"Aliniita jioni," alisema. "Akanionyesha mipira. Akasema, 'Nimekuambia wewe kwanza, Iqbal, kwa sababu ni baba yako.' Kana kwamba sikujua! Nilikuwa mtoto, niliamshwa na harufu ya rangi. Nikachungulia, nikamwona baba uani anapaka kwa mwanga wa kandili, analia. Asubuhi akasema amepewa. Nikaamini alichosema, si nilichoona. Nimeamini maisha yangu yote, na ni kazi ngumu, Inspekta, hujui. Nikamwomba Hrant, sema tu ni zawadi. Akasema, 'Siwezi kusema uongo juu ya bati.' Akaingia chini, akanyoosha mkono. 'Nipe gogo,' akasema, 'halafu nikueleze nitakavyosema Ijumaa.'"

Alikunja vidole vyake mapajani.

"Nilikuwa nalo mkononi. Alisema mara mbili, nipe gogo. Nikaona kile kibao cha shaba, nikaona watu wakicheka picha ya baba. Nikaliweka benchini. Nikashika ile skrubu." Aliinua macho kwa Lutfi. "Alikuwa anataka kunieleza hayo. Sikungoja."

Bayumi aliyekuwa na haraka tangu jana alisimama ameshika kofia yake. Mwishowe Ragai alimwinua Bi Iqbal kwa mkono, bila nguvu, naye alipofika mlangoni aligeuka.

"Mtaandika nini juu ya baba?"

"Faili ni la Hrant," alisema Ragai. "Nitaandika yaliyompata Hrant."

Alijua haitasaidia. Kufikia jioni mtaa mzima ungekuwa umeshasimulia yaliyobaki, na magazeti yangeongeza yao. Bi Iqbal naye alijua. Aliifunga shali vizuri akatoka kwenye mvua na Bayumi, na hakufungua mwavuli.

Daktari Lutfi aliondoka bila kuaga. Ragai alimfungua Mitwalli pingu, wakabaki wawili na lile gari. Mzee alisugua viganja vyake kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo, Basha, angesema Ijumaa ni la kweli?"

"Angesema ni la kweli."

"Basi nilimshinda." Aligeukia lile gari. "Mwezi mzima nabishana naye, kumbe nimemshinda, na hakuniambia, mbwa yule."

Alilia kwa sauti. Alipomaliza alifuta uso kwa mkono wa shati, akaenda benchini akalichukua lile gogo. Ragai alijua kwamba ni kidhibiti, na kwamba lilipaswa kuwa ndani ya mfuko tangu jana. Hakumzuia. Mitwalli alipiga magoti kwa shida, akainua ekseli kwa jeki, akalisukuma gogo chini yake, akaligonga kwa kiganja kushoto na kulia mpaka likakaa sawasawa.

"Haya, Khawaja," alisema. "Sasa ingia."